Baridi Haiingii

Bariadi, Jumapili jioni

Kabula mwanangu,

Habari za soksi, za dawa ya meno na za kutomwachia begi lako mtu usiyemjua sitakuandikia. Hayo mama yako ameyasema tangu Ijumaa na atayarudia kesho mpaka treni iondoke. Amekufungia michembe, viazi vikavu vya kutafuna mwezi mzima. Mimi sina michembe, nina chembe tu. Najua umetikisa kichwa, ukasema baba anaanza na mzaha kama ilivyo desturi yake akiogopa. Hujakosea. Naogopa, na hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana.

Juzi uliniuliza mbele ya kaka yako, "Baba, angekuwa Masanja ndiye anaenda kusomea uhimilishaji, ungemnunia hivi?" Nilitoka nje kwenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Ukabaki ukiamini kwamba baba yako, ambaye mwenyewe alikuwa akipandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija miaka ile, anaona aibu binti yake kushika kazi hiyo. Masanja naye alicheka, nikamwacha acheke.

Si hivyo, mwanangu. Hata ungekuwa Masanja ningenuna. Ninachokiogopa ni mtungi.

Unaujua mtungi ninaousema, ule wa naitrojeni, wenye shingo nyembamba na kifuniko kinachokaa legelege, ambamo mbegu za madume hutunzwa kwenye ubaridi mkali ili zisiharibike. Nilipoanza kazi Nkololo niliufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, na watoto walinikimbilia barabarani wakiimba, "Dume la pikipiki limekuja!" Wazee walicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti na buti za mpira, nikajiona najua.

Ulipokuwa kidato cha pili ulikuja na daftari ukilia kwamba somo la chembe halikuingii. Nikakupeleka zizini kwa babu yako. Nikakuambia, watazame usiku walivyobanana. Hakuna anayehama mahali pake, lakini hakuna aliyetulia. Huyu anatikisa sikio, yule anacheua, mwingine anamsukuma mwenzake kwa kiuno. Chembe za kitu kigumu kama barafu ndivyo zilivyo. Asubuhi ukiwafungulia kwenda kunywa maji, bado wanagusana, ila wanapishana, wa nyuma anakuwa wa mbele. Hapo wamekuwa maji. Wakifika kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kila mmoja anashika njia yake, na hata shamba liwe kubwa vipi watalienea lote. Huo ndio mvuke. Ng'ombe ni wale wale, hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa njiani. Kilichobadilika ni mwendo wao na nafasi wanayoitaka. Na joto ni namna tu ya kupima wanavyohangaika. Ukafurahi, ukapata alama nzuri, ukawaambia wenzako kwamba baba yako angefaa kuwa mwalimu.

Sikukuambia kwamba mimi mwenyewe niliyaelewa hayo baada ya kukaribia kukuua.

Nimeliandika. Sasa ngoja nikueleze lilivyokuwa, na ukitaka kuiweka barua chini upumue kwanza, fanya hivyo.

Ulikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua zimechelewa, jua la Nkololo linawaka tangu saa tatu asubuhi. Nilitoka Mwanza kuchukua naitrojeni, mtungi umejaa, na karibu na kufika nikaingia shimoni na pikipiki. Mtungi ukagonga jiwe ubavuni. Niliutazama, nikaona umebonyea kidogo tu, nikashukuru Mungu. Nilipofika nyumbani mtungi ulikuwa unatoka jasho, kisha mabegani ukaota ukungu mweupe, mgumu, kama ule wa ndani ya friji.

Mwalimu wetu wa mafunzo alikuwa mtu wa maneno machache. Alituambia, "Mtungi haulali na mtu. Ukiuona una ukungu nje, umekufa, uache uani." Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwa wino mwekundu. Nilidhani anasema habari za wezi.

Tazama tunavyosema, Kabula. Funga mlango, baridi inaingia. Baridi imeniingia mifupani. Tunaitaja kama mgeni mwenye miguu, anaingia na kutoka. Basi nikaona baridi yangu niliyoifuata Mwanza inatoroka, nikaamua kuifungia. Nikaingiza mtungi chumba cha bibi yako, kile cha nyasi, ndicho kilichokuwa kimepoa kuliko vyote. Nikaziba dirisha kwa gunia. Kitenge cha mama yako nikakikunja kuziba chini ya mlango. Nilifanya kazi safi kabisa.

Nawe ulikuwa umejaa vipele vya joto, umelia tangu asubuhi, mama yako yuko shambani analitayarisha kungojea mvua. Nikasema, humo ndani mtoto atapata nafuu. Nikatandika mkeka sakafuni karibu na mtungi, maana hapo ndipo ubaridi ulikuwa mzuri zaidi. Nikakulaza mwenyewe. Ulishusha pumzi, ukanyamaza, ukalala. Nilisimama nikakutazama, nikajisifu kwamba mimi ni baba mwenye akili. Kisha nikafunga mlango, nikarudishia kitenge mahali pake kwa mguu, nikaenda kilimani kutafuta mtandao nimpigie simu mwenye ng'ombe aliyenisubiri.

Sasa nisikilize kwa yale uliyosoma. Baridi si kitu. Hakuna chembe za baridi duniani. Kuna chembe zinazokwenda kasi na zinazokwenda polepole, basi, na za kasi huzigonga za polepole mpaka nazo ziamke. Baridi haikuwa inatoka mtungini. Joto la Nkololo ndilo lilikuwa likiingia, kupitia ubavu uliobonyea. Na naitrojeni haihitaji kuni, mwanangu. Kwake yeye, Simiyu nzima ni jiko, hata kivulini, hata chumba cha bibi. Ilikuwa inachemka mle ndani nami naiona imepoa. Zile chembe zilizokuwa zimebanana zilishika mwendo, zikatoka kwa shingo ya mtungi, na lita moja tu ikigeuka hewa hudai nafasi ya kama ndoo thelathini na tano, ndoo zile kubwa za kuchotea maji. Mtungi haukuwa na lita moja. Ile hewa ngeni ikaisukuma hewa ya kuvuta ipande, itokee kwenye nyasi za paa, yenyewe ikatandaa chini kwa kuwa ilikuwa bado nzito. Na chini ulikuwa wewe.

Haina harufu. Haikabi koo. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku ni yenyewe, kwa hiyo kifua hakina cha kulalamikia. Mtu anasinzia tu. Ndiyo maana mpaka leo naiogopa kuliko nyoka, kwa maana nyoka angalau utamwona.

Aliyefungua mlango hakuwa mimi.

Tulikuwa na jirani, Mayu Minza, mjane aliyekuwa akiishi peke yake ng'ambo ya kichaka cha minyaa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia mabua ya pamba. Alikuja kurudisha ungo. Nami nilikuwa ndio kwanza nashuka kilimani, nikamsikia kabla ya kumwona.

"Mwadila hapa! Hakuna mtu?" Alikuwa akisalimu kwa Kisukuma kutoka uani. Kisha sauti ikabadilika. "Masele! Mbona kuna moshi chini ya mlango, na mbona haunuki?"

Kabla sijaita, alikuwa ameusukuma mlango kwa bega. Nilikimbia, Kabula. Sijawahi kukimbia vile tena. Nilipofika uani alikuwa anatoka amekubeba, ukungu mweupe umemzunguka miguuni mpaka nyayo hazionekani, anayumba kama mlevi. Midomo yako ilikuwa na rangi ya zambarau. Alikulaza juani, akakupuliza mdomoni, akakupiga mgongoni, akapuliza tena, huku anasema, "Ng'wanone, rudi. Rudi, mwanangu." Nami nilisimama. Mikono niliyokulazia ilikuwa imening'inia tu.

Ulilia. Kilio kidogo, kama cha mbuzi aliyezaliwa saa hiyo. Nikakaa chini.

Hapo watu walikuwa wameshafika, na walichokiona si nilichokiona mimi. Waliona bibi kizee mwenye macho mekundu akitoka kwenye wingu mchana wa jua kali, mtoto wa watu amelegea mikononi mwake. Bibi yako, Mungu amrehemu, alitoka kisimani na ndoo ikamdondoka. Akapiga yowe, "Nogi! Mchawi amemnyonya mjukuu wangu!" Mayu Minza alikuwa bado amepiga magoti, anahema, hajui kama ni yeye anayesemwa.

Wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Mzee mmoja, mtu wa haki kabisa, hakutaka kuhukumu kwa yowe la mtu. Aliuliza taratibu, kila mtu akisikia.

"Masele, hiki kitu cheupe, ni cha kazi yako au ni cha huyu mama?"

Nikasema, "Sijui."

Hilo ndilo nililolibeba. Kama ningenyamaza labda ningejitetea kwamba nilipatwa na bumbuazi. Lakini niliulizwa kwa Kiswahili safi, mbele ya mwanamke aliyekupulizia pumzi yake mwenyewe, nikajibu kwa Kiswahili safi. Nilijua. Nilikijua kile cheupe kama ninavyokijua kiganja changu. Niliogopa kunyang'anywa kazi. Niliogopa polisi. Zaidi ya yote niliogopa mama yako akirudi shambani, ajue ni nani aliyekulaza pale, akubebe aende zake kwao Kiloleli asirudi. Woga hauna aibu, mwanangu. Ukiulisha siku moja, kesho yake unagonga tena mlangoni.

Wakamtenga. Hawakumpiga, na nilitumia jambo hilo kujifariji kwa miaka mingi. Walikubaliana tu asipewe moto, asisaidiwe maji, asiitikiwe salamu. Siku ya pili nilikutana naye njia ya kisimani, ndoo kichwani. Alinitazama usoni. "Mwadila, ng'wanone. Mtoto anaendeleaje?" Niliinama kukaza skrubu ya pikipiki iliyokuwa imekaza tayari. Akasubiri. Kisha akapita. Siku ya nne alipanda tela la pamba na chungu chake na kuku mmoja, akaenda kwa mpwa wake Malampaka. Ungo wetu tuliukuta umeegemezwa ukutani, safi.

Wewe ulifungwa hirizi mkononi mpaka darasa la nne. Ukafundishwa kuwaogopa wanawake wazee wenye macho mekundu. Unakumbuka siku ile sokoni hapa Bariadi, ulikuwa na miaka kumi hivi, ukamwona mama mmoja muuza mchicha, ukaangusha nyanya zote ukanikimbilia? Nilikushika kichwa nikakuambia, usiogope, hakuna kitu. Yule mama aliziokota nyanya moja moja, akatuletea. Nilimwambia asante bila kumtazama. Nilikupa woga usio wako, Kabula, ili mimi nifiche wa kwangu.

Na madirisha. Miaka yote mmenicheka, eti baba ana ugonjwa wa madirisha. Mbu wanaingia, vumbi linaingia, na baba anapita chumba hadi chumba kufungua. Wewe ulikuwa ukipiga kelele kutoka ndani ya shuka, "Baba, funga, baridi inaingia!" Nami najibu, "Acha iingie." Mlidhani ni ukaidi. Nilikuwa nakuja kusikiliza kama unapumua.

Kazi ile niliacha mwaka uliofuata, nikasema mgongo unauma. Mgongo hauna shida yoyote.

Basi utakapokabidhiwa mtungi wako, na najua utakabidhiwa kwa kuwa wewe huwa hushindwi ukitaka, ukumbuke mambo machache ya mtu aliyekosea. Kifuniko kiache kilegee, maana kinachochemka lazima kipate pa kutokea. Usisafiri nao ndani ya gari lililofungwa vioo. Ukiuona umeota ukungu nje, utoe uani, potelea mbali mbegu, potelea mbali hasira ya mkubwa wako. Na "sijui" ni neno zuri kwa asiyejua. Litumie sana, hasa huko chuoni, usione haya. Ila ukiulizwa jambo unalolijua, na kuna mtu anasubiri jibu lako akiwa amepiga magoti, usiliseme.

Mama yako nimemwambia leo alasiri, kabla ya kukaa kuandika. Ilikuwa haki yake kujua kwanza. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Kitenge kipi?" Nikamwambia kile cha njano. Akainuka, akafungua mfuko wa michembe, akaimwaga yote mezani, akaanza kuipanga upya. Mpaka sasa naandika bado anapanga. Namsikia. Sijui kesho ataniambia nini, na hiyo "sijui" ni ya kweli.

Uliniuliza kwa nini nimekukatia tiketi ya treni wakati wenzako wote wanapanda basi kutoka hapa hapa mjini. Nilikudanganya kwamba ni kwa ajili ya mizigo. Treni unaipandia Malampaka. Mayu Minza yu hai. Anaishi nyumba ya tatu kutoka stesheni, upande wa mashine ya kusaga. Nimepita pale mara nne miaka hii yote. Mara ya mwisho nilimwona nje, anageuza michembe juani, mgongo umepinda. Nilijifanya naangalia saa, na sikuwa nimevaa saa.

Kesho tutatoka mapema kuliko ulivyoambiwa. Nitabisha hodi pale, na nitasema mbele yake na mbele ya mpwa wake kile nilichopaswa kukisema uani kwetu. Jumamosi nitakwenda Nkololo kukisema kwa wale walionisikia, waliobaki. Sikuombi uniombee msamaha. Wala sikuombi useme neno. Ukitaka kubaki garini na mizigo, baki, sitakulaumu. Ila ningependa akuone ulivyokua. Ni pumzi yake hiyo unayoondoka nayo.

Naogopa, mwanangu. Naogopa atanifungia mlango mbele ya uso. Naogopa zaidi kwamba nitamsalimu, naye ataitikia.

Na naogopa wewe. Barua hii naiweka juu ya mto wako sasa hivi, wakati bado uko jikoni na mama yako. Ukishalala nitapita kufungua dirisha, kama siku zote. Kama ukiisha kusoma haya bado nina mtoto, nikemee kama ulivyozoea, kwa sauti ile ile, "Baba, funga, baridi inaingia."

Nitasimama hapo dirishani kidogo, nikisikiliza.

Baba yako,
Masele